Si Lifti Ninayoiogopa

Watu wakisikia sipendi lifti hudhani naiogopa lifti. Wananipa pole, halafu wananipa darasa: nyaya hazikatiki, breki zipo, kengele ipo, mtoto wa fulani yuko darasa la pili na anapanda peke yake. Huwa naitikia tu. Lifti yenyewe sina ugomvi nayo. Mlango ukiwa wazi naweza kusimama mle ndani robo saa nikipiga soga na mlinzi. Kinachonimaliza ni pale milango inapokutana katikati, nikajua kwamba kuanzia hapo kutoka kwangu si shauri langu tena.

Tofauti hiyo ukiitazama juujuu ni kama haipo. Mimi imenichukua nusu ya umri kuitambua, na nilipoitambua ndipo nilipoanza kupata nafuu. Naieleza hapa kama nilivyoipitia, kwa ajili ya yeyote anayepanda ngazi hadi ghorofa ya tisa huku akiwaambia wenzake kwamba anafanya mazoezi.

Nianze na gauni, maana gauni lilitangulia lifti. Tulikuwa Tanga, harusi ya binamu yangu imekaribia, na sare ya wasichana ilikuwa gauni la satini ya kijani lenye zipu ubavuni. Fundi alikuwa na kibanda chake Ngamiani. Mlangoni pazia tu, dirisha wazi, upepo unaingia na kutoka. Siku ya kujaribisha nililivaa vizuri. Kulivua ndiko kulikokuwa na kazi. Zipu ilishuka nusu ikagoma, na mimi nilikuwa nimeshainua mikono, kitambaa kimenifunika uso, viwiko vimekwama karibu na masikio. Nikawa nanusa chaki na mafuta ya cherehani. Mama mdogo alikuwa anacheka huku akisema, "Tulia mwanangu, tulia, utalichana." Kadiri alivyoniambia nitulie ndivyo nilivyozidi kuwehuka. Nilivuta kwa nguvu nisizojua nimezitoa wapi, mshono wa kwapani ukaachia kwa mlio uliosikika hadi nje. Nilitoka nalia, shingo imejaa mikwaruzo ya kucha zangu mwenyewe. Fundi, mzee wa watu, hakugomba. Aliligeuza gauni nje ndani, akautazama mshono, akasema, "Ungesema tu, binti yangu, ningekufumulia."

Nimelikumbuka tukio lile mara nyingi kwa sababu haliingii kwenye maelezo ambayo kila mtu hunipa. Hapakuwa na chumba kidogo pale. Hewa ilikuwa tele. Giza lilikuwa la kitambaa, na hata hilo si zito. Kulikuwa na jambo moja tu: mikono yangu haikuwa yangu.

Kwetu mambo ya namna hii yana majina yake. Bibi alisema nina upepo, akamwita mwalimu wa madrasa. Nikaandikiwa kombe, yaani aya za Kurani, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likayeyushwa kwa maji nikalinywa, na magharibi ilipoingia nikafukizwa ubani nikiwa nimejitanda kanga. Siwabezi. Mkono wa bibi mgongoni ulinituliza kuliko shangazi yangu msomi aliyekuwa akisema "jikaze" kila nilipobadilika rangi. Lakini upepo, kama ulikuwapo, haukuondoka. Ulikua pamoja nami, tukahamia wote Dar es Salaam kutafuta kazi.

Kazi niliipata katika hesabu, ofisi iko Posta, ghorofa ya tisa. Siku ya usaili nilipanda ngazi nikafika nimelowa, nikaomba kwenda msalani kujifuta. Nilipoajiriwa nikaendelea hivyo hivyo. Wenzangu waliniita mwanamazoezi, na ni kweli miguu ilikuwa imara. Ila nikiitazama miaka ile sasa naona namna mambo yalivyokuwa yakinipokonya nafasi kidogo kidogo. Kwanza lifti. Kisha komeo la choo: nikaanza kuegesha mlango tu na kuimba ili watu wajue kuna mtu. Halafu siti ya dirishani kwenye basi la mkoani, kwa sababu anayekaa pembeni yako akisinzia ndiyo basi tena, umeshafungiwa. Halafu kusuka. Nilikuwa mpenzi wa yebo yebo, nikaja kuona siwezi kuvumilia kichwa kishikwe kwa magoti ya msusi saa tatu nzima, nikakata nywele nikasema ni fasheni.

Kila nilipokwepa nilisikia raha, ile raha ya mtu aliyeponea. Raha hiyo ndiyo iliyokuwa ikinifunga. Mwili ulijifunza kwamba umesalimika kwa sababu ya kukimbia, kwa hiyo safari ijayo ukaniamuru nikimbie mapema zaidi. Hili nilikuja kuelezwa baadaye, lakini nadhani hata bila kuelezwa, mtu mwenye macho angeliona kwenye nywele zangu.

Shemeji yangu ni mchimbaji wa dhahabu upande wa Kahama. Yeye ndiye aliyenisimulia, jioni moja tukimenya viazi, kuhusu wale wachimbaji wa Nyangalata waliofukiwa mgodini Oktoba 2015. Nchi nzima ilikuwa kwenye uchaguzi, watu walishaandaa matanga. Wakaja kupatikana watano wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, baada ya kuishi kwa wadudu, mizizi na maji yanayodondoka. Sikumwacha amalize. Nilisimama nikaenda uani. Aliponifuata nilimwuliza yeye mwenyewe anawezaje kushuka kila siku kwenye shimo ambalo mabega yanagusa pande zote. Alifikiri, akasema, "Dada, kule chini huwazi shimo. Unawaza tochi, unawaza mfuko, unawaza kamba. Shimo utaliwaza ukikosa kazi." Nililichukulia kama jibu la mwanamume anayejigamba. Nimekuja kuliheshimu.

Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo. Waliokuwa Dar wanakumbuka siku zile: vifusi, waokoaji, sauti za watu walionaswa chini zikisikika, ndugu wamekaa barabarani wakisubiri. Watu zaidi ya 20 walifariki. Kila simu ilikuwa na klipu. Mimi nilizima data, nikawa nalala taa ikiwaka na mlango wa chumbani umeegeshwa kwa kiatu. Nilichogundua wiki iliyofuata ofisini ni kwamba ngazi zilikuwa na watu. Wakubwa kwa wadogo, waliokuwa wakinitania, walikuwa wanapanda pamoja nami wakihema, hakuna aliyesema kwa nini. Siku chache baadaye wakarudi kwenye lifti yao. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulichokuwa nacho wiki ile kilikuwa kimoja. Tofauti ni kwamba wao kiliwapitia, mimi kimejenga.

Kilichonilazimisha kutafuta msaada hakikuwa lifti wala majengo. Kilikuwa shingo. Kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vilianza kufa ganzi, usiku maumivu yanashuka kutoka begani kama umeme. Daktari akanipima kwa nyundo yake ndogo, akaandika kipimo cha MRI.

Sikuwa najua MRI ni nini zaidi ya bei yake. Nikapewa fomu: una chuma mwilini? una kifaa cha kusaidia moyo? una mimba? Kisha swali la mwisho, kama nina klaustrofobia. Nilimwuliza kijana wa mapokezi ndilo gonjwa gani. Akasema, "Ni kuogopa sehemu zilizofungwa, mama." Nikaweka alama ya hapana, maana kama nilivyosema, sehemu sikuwa naziogopa.

Kwa asiyeijua, mashine ile ya kupiga picha za ndani ya mwili ni bomba nene lenye tundu katikati. Tundu huwa na upana wa sentimita 60, mashine nyingine mpya zina 70. Unalazwa kwenye kitanda chembamba kinachoteleza kuingia ndani. Kama kipimo ni cha tumbo au kiuno unaweza kuwa na bahati kichwa kikabaki karibu na mlango. Cha shingo hakina bahati hiyo. Kichwa huwekwa kwenye kifaa maalumu, kinafungwa kwa mbele kwa kipande cha plastiki chenye matundu, na pembeni wanajaza sponji ili usitikisike, kwa sababu ukitikisika picha zinaharibika. Mikono ikanyooshwa ubavuni. Kitanda kikaanza kwenda. Nilipofumbua macho dari la bomba lilikuwa shubiri moja kutoka puani, na neno lililonijia lilikuwa mwanandani. Hivyo ndivyo tunavyowalaza maiti wetu, ubavuni mwa kaburi, kisha wanaegeshewa mbao. Nilipiga kelele. Walinitoa upesi, nitawashukuru kwa hilo, lakini wakati wananifungua kile kifaa nilikuwa nimeshakipiga kwa mikono na kupigana na sponji. Mtu mmoja alinong'ona kwa sauti niliyoisikia kwamba mama huyu alitakiwa kusema mapema. Mwingine alisema tarehe nyingine inapatikana ikiwa nitakubali dawa ya kutuliza.

Daktari wa shingo, alipopata habari, hakunicheka. Alinipeleka kwa mtaalamu wa saikolojia, mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Nilimwamkia, tukakaa, nikamweleza habari za lifti, choo, nywele, gauni, na bomba. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza maswali mawili ambayo hadi leo ninayauliza kwa watu wengine.

"Tuseme uko ndani ya lifti iliyokwama, mama. Nikikupitishia mtungi wa oksijeni, woga utapungua?"

Nilifikiri. Nikasema hapana.

"Na nikikupitishia ufunguo?"

Sikufikiri. Nikamwambia nikiwa na ufunguo hata anifungie kabatini, nitakaa niseme tasbihi yangu hadi anikumbuke.

Akatabasamu, akaandika.

Alichonieleza baada ya hapo ndicho kiini cha makala hii. Hali hii ina jina la kitabibu tangu mwaka 1879, alipoieleza daktari mmoja wa Paris, Benjamin Ball, na kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa woga mmoja, wa mahali palipofungwa. Mwaka 1993 watafiti wawili, Stanley Rachman, mzaliwa wa Johannesburg, na Steven Taylor, walionyesha kwamba ndani yake kuna woga wa aina mbili. Kuna woga wa kukosa pumzi na kuna woga wa kuzuiwa, yaani kubanwa usiweze kusogea wala kutoka. Wengine wanao wote wawili kwa kiasi tofauti. Mwenye ule wa kwanza ataogopa shuka kichwani, chumba kisicho na dirisha, mafua yanapoziba pua. Mwenye ule wa pili ataogopa kiti cha daktari wa meno, foleni ya gari darajani, kusuka, kukaa safu ya katikati msikitini au kanisani, hata mkutano ambao si adabu kuuacha katikati. Hewa tele, na bado anatota jasho.

Nilihisi kama mtu aliyetajiwa jina lake na mgeni. Foleni ya darajani! Sikuwa nimemwambia habari za daraja.

Ukishajua uko upande upi unaacha kupoteza muda kwa dawa ya upande wa pili. Nitatoa mfano ulionichekesha. Wiki hizo hizo fundi wa lifti alikuja kazini kwetu kufanya sevisi, nami nikamsogelea kumdadisi. Alikuwa mwungwana, akanionyesha. Kibanda si chombo kilichozibwa. Kina matundu ya hewa, na hewa inapita hata kama feni imekufa. Nyaya ni kadhaa na mmoja pekee unaweza kubeba mzigo. Juu ya yote kuna kidhibiti mwendo kinachokaza breki kwenye reli kibanda kikishuka kasi kupita kiasi. Elisha Otis, aliyebuni breki ya usalama ya lifti, alisimama juu ya jukwaa lenye breki hiyo mbele ya watu, New York, mwaka 1854, akaamuru kamba ikatwe, jukwaa likang'ata reli likabaki pale pale. Siku hizi, fundi akaendelea, nyingine zina betri ya dharura, umeme ukikatika inakusogeza hadi ghorofa ya karibu na kufungua mlango. "Kwa hiyo ukikwama, mama, usihangaike. Watu huumia wanapolazimisha mlango na kujaribu kuruka. Wewe bonyeza kengele, kaa, subiri."

Maneno hayo ni asali kwa anayeogopa kuanguka au kukosa hewa. Kwangu mimi alikuwa amenisomea hukumu. Kaa, subiri, atakuja mwingine kukufungulia: ndicho hasa ninachokiogopa, na yeye amekitaja kama faraja. Nilimshukuru, nikapanda ngazi.

Tiba niliyopewa ni ya zamani na haina siri. Aliyeipa utaratibu ni Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini aliyewahi kutibu wanajeshi waliotoka vitani wakiwa na akili zilizovurugika. Aliichapisha mwaka 1958. Unaandika mambo unayoyaogopa kuanzia dogo hadi kubwa, unalipa kila moja alama kati ya 0 na 100, kisha unayaendea kwa mpangilio, ukiwa mtulivu, hupandi daraja mpaka lile la chini limepoa. Mtaalamu wangu aliongeza kanuni yake: usitoke woga ukiwa kileleni. Ukitoka pale umeulisha. Kaa mpaka ushuke, hata kidogo, ndipo utoke.

Kwa kuwa shida yangu ilikuwa kuzuiwa, daraja za mwanzo hazikuhusu vyumba kabisa. Zilihusu kanga. Mdogo wangu wa kike anayekaa nami alipewa kazi ya kunizungushia kanga mikono ikiwa ndani, nimekaa kitandani, mlango wazi. "Dada, nikufunge kweli au nikuzuge?" aliuliza siku ya kwanza, na sote tukacheka mpaka zoezi likaharibika. Tulianza na fundo ninaloweza kulifungua kwa meno. Baadaye fundo la nyuma nisiloweza kulifikia, yeye akiwa pembeni. Kisha fundo hilo hilo, yeye jikoni. Kisha yeye dukani.

Zoezi hilo la dukani nitalisimulia kwa sababu ndiyo siku niliyouona woga wangu kwa karibu, na si kwa kuukimbia. Mlango wa nje ulipogonga tu, woga ulianzia tumboni. Ukapanda kifuani, moyo ukawa unapiga hadi masikioni, vidole vikaanza kuwasha, midomo ganzi, chumba kikawa kinazunguka. Zamani ningesema hewa inaisha. Nilikuwa nimeshaelezwa: unapohema haraka unatoa kabonidayoksaidi kupita kiasi, na kupungua kwake ndiko kunakoleta kizunguzungu na ule mwasho wa vidole. Oksijeni ipo ya kutosha. Unajihisi unakosa pumzi kwa sababu unapumua kupita kiasi. Kwa hiyo sikuvuta pumzi ndefu kama watu wanavyoshauri. Nilitoa. Nilitoa pole pole kwa midomo iliyobanwa, nikisoma Kulhuwallahu moja kwa kila pumzi inayotoka. Nikamkumbuka shemeji na tochi yake, nikajipa kazi: kuhesabu maua kwenye pazia, safu kwa safu. Woga ulipanda ukafika mahali ukasimama. Halafu, bila mimi kufanya lolote la ajabu, ukaanza kushuka. Sikuwahi kujua kwamba unashuka wenyewe. Maisha yangu yote nilikuwa natoka kabla sijaona.

Mdogo wangu aliporudi na mkate alinikuta bado nahesabu, nikamwambia asinifungue kwanza.

Daraja nyingine nitazipitia haraka, maana zinafanana. Siti ya dirishani kutoka Ubungo hadi Chalinze. Komeo la choo. Kusuka mistari michache, kisha kichwa kizima. Lifti mlango wazi, lifti ghorofa moja na mlinzi, lifti ghorofa moja peke yangu, na kuendelea. Kuna siku zilirudi nyuma, hasa nikiwa sijalala vizuri. Kuna wiki nzima sikufanya kitu kwa sababu ya mwisho wa mwezi na hesabu za watu.

Niliporudi kupigwa MRI nilikataa dawa, si kwa ushujaa, bali nilitaka kujua. Safari hii fomu niliijaza sawasawa, na ajabu ni kwamba ile alama moja ilibadili namna nilivyopokelewa. Aliyenishughulikia alikuwa kijana mdogo, alinisalimu shikamoo, akanipa muda wa kuizunguka mashine ikiwa haina mtu na kuingiza mkono ndani. Akaniwekea mkononi mpira mdogo wa kubonyeza. "Ukibonyeza huu, mama, nakutoa. Hata kama umebonyeza kwa kujaribu, nakutoa. Jaribu." Nikabonyeza kitanda kikiwa bado nje, kengele ikalia, akaja. Nikamwomba tujaribu tena nikiwa nimeingia nusu. Nikabonyeza, akanitoa, wala hakuguna.

Ule mpira ndio ufunguo niliousema kwa yule mama. Bomba lilikuwa lile lile, sentimita zile zile, plastiki ile ile usoni. Nilijifunika macho kwa leso kabla ya kuingia, ili nisije nikayafumbua nikaliona dari. Mashine ilianza kugonga kama zinavyogonga, na kila mzunguko ulipoisha sauti ya kijana ilikuja kwenye vipokea sauti: "Unaendelea vizuri mama, unaofuata ni dakika 4." Niliushika mpira mpaka kiganja kikaumia. Woga ulikuja mara moja katikati, mkali. Nikatoa pumzi, nikahesabu milio ya mashine, ukapita. Sikubonyeza.

Majibu yalikuja. Daktari aliiweka picha kwenye taa, akaonyesha kwa kalamu: diski iliyo kati ya pingili ya tano na ya sita ya shingo imetokeza, na mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye kidole gumba umebanwa. Nilicheka hadi akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia tu kwamba hata mshipa wangu umerithi. Mazoezi ya viungo yalisaidia. Ganzi imebaki kwenye ncha ya kidole, siku za baridi.

Kuna jambo ambalo sijaafikiana na mtaalamu wangu, na nitalisema. Yeye anaona lengo ni kufika mahali ambapo sihitaji ufunguo wowote: nisisimame karibu na vitufe vya lifti, nisichague kiti cha karibu na mlango, nisiulize mkutano unakwisha saa ngapi. Anaziita mbinu za kujilinda, na anasema ukizishikilia woga haufi. Kitaalamu nadhani ana haki. Lakini mimi ni mwanamke niliyelelewa kwenye nyumba ambayo mtoto haondoki mbele ya wakubwa mpaka aruhusiwe, nikafanya kazi chini ya mabosi ambao kutoka saa kumi kamili ni kosa, na sioni ubaya wa mtu kutaka kujua mlango uko wapi. Kusimama karibu na vitufe hakumdhuru mtu. Kukata nywele ninazozipenda, huko ndiko kulikonidhuru.

Mama mdogo bado anaamini ni kombe, lilichelewa tu kufanya kazi. Simbishii.

Sasa lifti napanda, kwenda na kurudi, isipokuwa ikiwa imejaa. Hapo nasubiri nyingine, na wenzangu wanasubiri pamoja nami siku hizi bila kusemeshwa. Daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni bado siipandi. Konda anapiga bodi, "Sogeeni nyuma, kati kweupe!" na mle ndani mtu hawezi hata kuinua mkono akajifuta jasho. Mtaalamu aliniuliza kama hilo nalo tuliweke kwenye orodha, tulipe alama zake. Nikamwambia aipande yeye kwanza, halafu aniambie nilipe ngapi.